Coco Palms: upepo wa siku moja, mabishano ya miaka 30

Coco Palms ni hoteli iliyokuwa pa Wailua, upande wa mashariki wa kisiwa cha Kauai, huko Hawaii (Marekani). Kisiwa hicho kinapita Idjwi ya ziwa Kivu kwa ukubwa karibu mara nne. Hoteli ilikuwa na jina kubwa sana, kisha ikafungwa mwaka wa 1992 na haikufunguliwa tena.

Pahali penyewe

Mbele ya hoteli, Wailua ilikuwa makao ya wafalme wa Kauai, na wenyeji wanapaheshimu mpaka leo. Katika karne ya 19, Malkia Deborah Kapule aliishi pale. Mwaka wa 1896 mgeni mmoja alipanda minazi juu ya kuuza kopra. Biashara hiyo haikuendelea, lakini minazi ilibaki, na ndiyo iliipa hoteli jina.

Namna ilipanda

Hoteli ilifunguliwa Januari 1953 na vyumba 24 tu. Mwenye kuiendesha alikuwa Lyle Guslander, na kazi ya kila siku aliiachia Grace Buscher, aliyekuja kuwa mke wake. Mama huyo alianzisha desturi moja: kila jioni mtu anapuliza kombe la bahari, vijana wanakimbia kati ya minazi na mienge, wanawasha taa za moto. Hoteli nyingine za Hawaii ziliiga.

Mwaka wa 1961 Elvis Presley alicheza hapo filamu Blue Hawaii. Arusi ya mwisho wa filamu ilifanyika kwenye maji ya hoteli, na tangu hapo watu wengi walitoka mbali kuja kufunga ndoa pale. Vyumba viliongezeka mpaka karibu 400.

Siku ya Iniki

Tarehe 11 Septemba 1992, dhoruba Iniki ilipiga Kauai kwa upepo wenye kupita kilometa 200 kwa saa. Nyumba nyingi za wakaaji ziliharibika. Hoteli nayo ilivunjika vibaya, na wafanyakazi wakabaki bila kazi.

Kwa nini haikujengwa tena

Hoteli nyingine za kisiwa zilitengenezwa. Kwa Coco Palms, kwanza kulikuwa mabishano marefu na bima, ile watu wengi wanaita asiransi. Kisha mali ikapita mkono kwa mkono. Kulikuwa sheria ya pekee iliyoruhusu majengo yaliyovunjwa na Iniki kurudishwa namna yalivyokuwa, bila kufuata masharti mapya. Wawekezaji waliitegemea, lakini pesa zilikosa. Mwaka wa 2014 moto uliunguza sehemu ya mabaki. Mwaka wa 2021 kiwanja kiliuzwa kwa mnada, sababu wenye nacho walishindwa kulipa deni.

Tena kuna swali la udongo. Wenyeji wengine waliingia kwenye kiwanja, wakisema wao ni wazao wa mfalme Kaumualii, na tribinali ikaamuru watoke. Kikundi kingine, I Ola Wailuanui, kinaomba pahali pawe pa utamaduni na mafundisho, hapana pa hoteli.

Miaka ya 2023 na 2024 majengo ya zamani yalibomolewa, kwa mpango wa hoteli mpya ya vyumba 350. Wenye kuikubali wanataja kazi. Wenye kuikataa wanataja barabara iliyojaa magari, bahari inayokula ufuko, na heshima ya wazee waliokaa pale mbele ya mnazi wa kwanza kupandwa.