Kioo cha dirisha kikivunjika: hatua za dharura na vipimo

Kioo cha dirisha kinapovunjika, kwanza watoto waondolewe na viatu vivaliwe. Vipande vikubwa viokotwe kwa glavu nene na kufungwa kwenye magazeti au boksi, ili mzoa taka asikatwe. Chembe ndogo hufutwa kwa karatasi iliyoloweshwa. Pengo huzibwa kwa plaiwudi au nailoni nzito hadi fundi afike.

Kioo kipya hukatwa pungufu ya nafasi ya fremu kwa milimita 3 hivi, urefu na upana, kwani kikibana huweza kupasuka kwa joto. Unene wa kile cha zamani upimwe pia. Kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho huvunjika kuwa punje, hakikatwi tena: huagizwa kwa kipimo kamili, na ukikosea ni hasara.

Kwa wafanyabiashara wa mipakani, vioo husafirishwa vikiwa vimesimamishwa, si kulazwa, na kutenganishwa kwa karatasi. Mwaka 2023 Tanzania ilizindua kiwanda cha Sapphire Float Glass huko Mkuranga, mkoani Pwani, kinachotengeneza vioo vya aina hiyo.