Mpira Ukifunguliwa, Maumivu Yanaingia

Mwaka 1908, mjini Berlin, daktari wa upasuaji August Bier aliwaeleza wenzake namna ya kutia ganzi mkono mmoja tu, bila kumpa mgonjwa nusukaputi. Mkono unainuliwa, unazungushiwa bendeji ya mpira kuanzia vidoleni hadi damu iuhame, kisha unabanwa kwa nguvu kwa mpira sehemu ya juu. Dawa ya ganzi, enzi hizo prokeini, inadungwa kwenye mshipa na kubaki humohumo. Bier hakuwa mwoga wa majaribio. Miaka 10 kabla, huko Kiel, alimtia msaidizi wake ganzi ya uti wa mgongo, kisha akampiga nyundo ya chuma kwenye muundi aone kama atalia. Hakulia, siku ile.

Ganzi ya mkono ilikuwa na kasoro moja: mpira ukifunguliwa, dawa inasambaa mwilini, ganzi inaisha kwa dakika chache na maumivu yanaingia. Lidokeini, iliyochukua nafasi ya prokeini katika miaka ya 1960, haikuponya kasoro hiyo.

Jibu lilitoka kwingine. Mwaka 1971, London, John Vane alionyesha kwamba aspirini huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu penye jeraha. Kazi hiyo ilimpatia Nobel mwaka 1982. Ganzi hukata simu. Dawa ya uvimbe humnyamazisha anayepiga. Kwa nini basi zisitumike pamoja? Mwaka 1993 Henrik Kehlet na Jørgen Dahl wa Denmark waliihimiza fani nzima ichanganye dawa za aina mbalimbali, ili morfini ipungue.

Aliyelishikia bango wazo hilo Marekani ni Scott Reuben, daktari wa ganzi wa Springfield, Massachusetts. Mwaka 1995 yeye na wenzake waliandika juu ya ketorolaki, dawa ya uvimbe ya sindano, iliyochanganywa na lidokeini katika ganzi ile ile ya Bier. Makala zikafuatana, sifa zikapanda, na wenzake wakabadili tiba kwa kumwamini. Mwaka 2009 ikabainika kuwa makala 21 zilikuwa na takwimu za kubuni. Katika baadhi ya tafiti hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miezi 6. Kwangu mimi ni adhabu ndogo, ukiwafikiria waliotibiwa kwa kufuata karatasi zake.

Hata hivyo, dawa zenyewe hazikuwa na kosa. Watafiti wengine, wakiwemo wa Uturuki waliojaribu lornoksikamu, walipata nafuu kama hiyo kwa wagonjwa halisi. Mabishano yaliyobaki ni kama kuna faida ya kuichanganya dawa ya uvimbe kwenye ganzi, maana hata ikimezwa au kudungwa mkono wa pili inafanya kazi. Madaktari wengi hawangoji mabishano hayo yaishe: mgonjwa asipokuwa na vidonda vya tumbo wala tatizo la figo, anapewa diklofenaki au ibuprofeni mapema, ganzi ikiwa bado imeshika.