Handaki, Sitara na Bunka: Neno Moja Limebebeshwa Mzigo wa Watatu

Fungua gazeti lolote la Kiswahili lenye habari za vita, utalikuta neno handaki. Askari analala ndani ya mtaro akilenga bunduki: yumo handakini. Wapiganaji wanapita chini ya mji wasionekane: wana mahandaki. Majenerali wamekaa chini ya zege nene, na simu mezani: nao wamejichimbia kwenye handaki. Msomaji anapata neno lile lile mara tatu, na anabaki bila picha ya hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu.

Mimi nalipenda neno hili, ndiyo maana naona uchungu linapochakazwa. Limetujia kutoka Kiarabu, khandaq, na waliosoma sira ya Mtume wanalijua tangu utotoni. Katika mwaka wa 5 Hijria watu wa Madina walichimba handaki kwa ushauri wa Salman al-Farisi ili kuzuia wapandafarasi wa Makka. Lile lilikuwa shimo refu, pana, lililo wazi juu. Halikuwa na paa wala mlango, na hakuna aliyekusudia kulala ndani yake. Sifa yake kuu ilikuwa urefu: lilikata njia. Reli ya kisasa ya Tanzania ilipotoboa milima ya Kilosa, matundu yale nayo yakaitwa mahandaki, na sioni kosa kubwa hapo, kwa sababu bado tunazungumzia kitu kirefu kilichochimbwa. Taabu inaanza pale tunapoita handaki mahali pa kukaa.

Mji ulioonesha tofauti hizi waziwazi ni London wakati wa Vita Kuu ya Pili, ile ambayo wazee wetu waliiita Vita vya Hitla. Mnamo Septemba 1938, vita vilipobisha hodi, watu walichimba mitaro katika bustani kubwa za mji, Hyde Park ikiwamo. Hayo ni mahandaki hasa. Baadaye familia zikagawiwa vibanda vya mabati ya mawimbi, vilivyofukiwa nusu katika ua wa nyumba na kufunikwa udongo. Mabomu yalipoanza kumiminwa usiku baada ya usiku, kuanzia Septemba 1940, maelfu walishuka na mablanketi yao kulala kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Na chini ya jengo la ofisi za serikali, karibu na Bunge, Baraza la Vita la waziri mkuu Winston Churchill lilikuwa na mahali pake. Mtaro, kibanda, kituo cha treni na ofisi: mtafsiri mvivu ataviandika vyote kwa neno moja, na mama aliyelala kituoni na watoto wake atakuwa amelala mahali pamoja na waziri mkuu.

Mahali hapo pa mwisho sasa ni makumbusho, Churchill War Rooms, chini ya taasisi ya Imperial War Museum. Tazama jina lenyewe: wenyewe waliviita vyumba. Walisema kweli. Ilikuwa ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo lililokuwapo tayari, wakaiimarisha na kuihamia. Vyumba vilianza kazi tarehe 27 Agosti 1939, wiki moja tu kabla Uingereza haijatangaza vita. Baraza la Vita lilikutana humo mara 115. Wengi wanadhani palikuwa salama kabisa tangu siku ya kwanza, lakini sivyo. Ilibidi baadaye juu ya vyumba kumwagwe tabaka la zege, ambalo mahali pengine unene wake ulifika kama mita moja na nusu. Wafanyakazi waliliita Slab tu. Fundi yeyote wa Kinondoni au Kariobangi akisikia hivyo hahitaji kamusi: wamemwaga slabu. Hapo Kiswahili cha mafundi kimetutangulia sisi wa kalamu.

Vyumba hivyo vilizaa msamiati wao. Chini yake kulikuwa na ghorofa nyingine yenye dari fupi, ambako wafanyakazi walilala, wakiingia wameinama kama wanaopita mlango mfupi, panya wakiwapitia. Waliiita Dock. Mtafsiri wa haraka atakimbilia gati, na atakuwa amempandisha msomaji nchi kavu. Anayetaka neno la mahali pa chini, pa giza na pa hewa nzito, awaulize mabaharia wa majahazi: wanalo neno ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo, yanakokusanyika maji. Kulikuwa pia na ubao wa hali ya hewa, maana aliye chini hajui kama juu kuna jua au mvua. Ubao ukionesha kwamba kuna upepo, wenyewe walielewa kwamba mabomu yanaanguka. Neno la kila siku lilikuwa limepewa kazi ya king'ora.

Mgeni anayezunguka humo leo atasimama muda mrefu mbele ya ramani za misafara ya meli. Kila meli zilipobadili mahali, pini ilichomolewa ikachomekwa mbele kidogo, mchana na usiku, miaka mingi. Ukisogea karibu unaona karatasi ya Bahari ya Atlantiki imetobolewa matundu madogo yasiyohesabika, mpaka njia za meli zinasomeka kwa matundu yenyewe. Neno msafara linanigusa hapa. Kwetu lilikuwa la wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na mizigo kichwani. Vita vikalitia baharini. Na lilitufikia sisi wenyewe. Februari 1944 msafara wa meli ulitoka Mombasa kuelekea Colombo, na ndani ya meli ya Khedive Ismail walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wa kizazi kile tulichokiita keya, kwa kutamka herufi za jeshi la KAR (King's African Rifles). Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi. Meli ilizama kwa dakika chache, na zaidi ya watu 1,200 wakafa. Ndiyo maana msamiati wa vita vile si mali ya Wazungu peke yao. Tuna wafu wetu ndani yake, na tuna wajibu wa kuusema sawasawa.

Kitu kingine cha kutazama katika vyumba vile ni kidogo mno: vipande vitatu vya sukari. Afisa mmoja wa jeshi la anga aliviweka kwenye bahasha ndani ya mtoto wa meza, na vikakutwa humo miaka mingi baada ya vita. Sukari ilikuwa ya kugawiwa tangu Januari 1940. Tuiiteje hali hiyo? Posho ni chakula anachopewa askari au kibarua, na ukivuka kwenda Uganda posho ni ugali wenyewe. Neno sahihi ni mgawo, au mgao kama tunavyosema umeme unapokatwa kwa zamu, kwa sababu ndani yake mna wazo la kitu kichache kinachopaswa kumfikia kila mtu. Anayeandika posho hapo anaipoteza sababu ya afisa yule kuficha sukari.

Japani ilitangaza kusalimu amri tarehe 15 Agosti 1945. Kesho yake taa za chumba cha ramani zilizimwa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Kwa miaka mingi vyumba vilionwa na wachache tu kwa ruhusa maalumu, hadi 1984 vilipofunguliwa kwa umma. Kwa kueleza historia hiyo Kiswahili kina neno ambalo ni utajiri mtupu: hifadhi. Kuhifadhi ni kumlinda mtu asidhurike. Ni kutunza kitu kisiharibike. Na mwanafunzi wa madrasa akiishika Kurani yote moyoni, tunasema amehifadhi. Vyumba vile vilihifadhi watu, vikahifadhiwa vyenyewe, na sasa vinawahifadhisha wajukuu yale yaliyopita. Makumbusho ni neno zuri, limetoka kwenye kukumbusha, lakini hifadhi inabeba safari nzima.

Basi pendekezo langu ni hili. Handaki tuliachie kitu kirefu kilichochimbwa: mtaro wa askari, na ikibidi, njia inayotoboa ardhi. Mahali pa raia kujikinga na mabomu, kiwe kibanda cha bati au kituo cha treni, tuseme sitara. Hilo ni neno letu la siku zote. Tunamwomba Mungu atusitiri, na jirani mwema humsitiri mwenzake. Jengo la kijeshi la zege lililokusudiwa tangu mwanzo kuhimili mabomu liitwe bunka, mabunka kwa wingi, bila kuona haya, kama tulivyokubali bomu na mizinga ya kila aina. Na pale wenyewe walipoviita vyumba, nasi tuviite vyumba.

Wahariri wa habari za kimataifa, watafsiri wa filamu, waandishi wa vitabu vya historia: kabla hamjaandika handaki, ulizeni maswali matatu. Je, juu pako wazi? Waliomo ni askari au raia? Palijengwa kwa vita, au palikuwapo kabla? Majibu yatawapa neno. Na wenye kamusi mikononi, BAKITA na BAKIZA, wayaandike maneno haya kila moja kwa maana yake, ili mtoto anayesoma habari za vita ajue ni nani alikuwa amelala chini ya anga tupu, na ni nani alikuwa chini ya zege.