Alumini si Changu: Utetezi wa Kuambua na Kukwatua

Likoni, Mombasa, ukitaja "uvuaji", hakuna atakayewaza gari. Watu watawaza mishipi, nyavu, ngalawa na changu wa alfajiri. Ndiyo sababu orodha moja ya istilahi za ufundi, iliyosambazwa ikiwa rasimu na kamati isiyo na haja ya kutajwa hapa, ilivuka feri ikapokewa kwa kicheko kabla ya kupokewa kwa hoja. Katika ukurasa wa magari, ile kazi ya kuondoa rangi na mipako yote kwenye bodi ya alumini, kisha kuisugua bodi yenyewe mpaka mtu ajione uso, imepewa jina "uvuaji na ung'arishaji wa alumini". Maneno matano. "Na" na "wa" hayana kasoro, "alumini" inavumilika.

Kamati itajitetea kwamba kuvua si samaki tu. Mtu huvua kanzu, huvua kofia, huvua viatu mlangoni. Sawa. Lakini huvua alichokivaa, na gari halikuvaa rangi, lilipakwa. Na kama kanuni ni kugeuza tu kitenzi, kilichovaliwa kikavuliwa, basi kilichopakwa nacho kipakuliwe, Land Rover iletwe mezani na kachumbari pembeni.

Neno lipo, nalo lina umri mkubwa kuliko kamati yoyote: kuambua. Huambuliwa ganda la mti. Huambuliwa ngozi iliyokufa baada ya mtu kuungua jua. Kinachoambuliwa ni tabaka jembamba la juu lililoshikana na kitu, nacho kitu chenyewe hubaki kizima chini yake. Kiswahili hakikuridhika na hilo moja. Stika hubanduliwa, kwa kuwa ilibandikwa. Ukoko hukwanguliwa. Goti la mtoto aliyeanguka kwenye kokoto huchubuka, na hapo mwili wenyewe umeguswa. Mtu aliyelelewa upande wa Kisauni hayachanganyi maneno haya hata akiwa usingizini. Ni ajabu kuona wataalamu wakiyaruka yote kwa mkupuo na kwenda kutua kwenye kanzu.

Watasema: mbona husemwa "kujivua gamba"? Msemo huo ulivuma Tanzania mwaka 2011, ulipotumiwa na chama tawala cha CCM kuwaambia baadhi ya viongozi wake wajiondoe. Ni msemo wa siasa, na nyoka hakuulizwa.

Kazi yenyewe, inapofanywa kwa ukamilifu, hulipa neno kuambua ushahidi wote linaouhitaji. Chukua trela za Airstream za Marekani, zile za kulala safarini, zenye umbo la yai na misumari ya ribiti iliyopangwa kama ushanga. Mwaka 1959 mwasisi wa kampuni hiyo, Wally Byam, aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Ulipita Afrika Mashariki na kufika Addis Ababa. Trela za enzi hizo zilikuwa alumini tupu. Baadaye, miaka ya 1960, kiwanda kilianza kuzipulizia mpako mwangavu wa plastiki ili zisififie. Mpako huo haukuzaliwa kuishi milele. Jua huufanya manjano, huupasua, nao huanza kuinuka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeshinda ufukweni. Anayeifufua trela ya namna hiyo hupaka dawa ya kutoa rangi, husubiri, na mpako hujikunja mbele ya macho yake kama utando wa maziwa. Huuinua kwa kibao cha plastiki ukatoka karatasi nzima. Aliyeona tendo hilo hata mara moja na bado akaliita "uvuaji" ana lake jambo.

Huku kwetu trela hizo ni nadra, ila alumini ya kuambuliwa ipo. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948, feleji ilikuwa ya mgao Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Magari hayo ya zamani, yaliyopakwa rangi juu ya rangi kila yalipobadilisha mwenyewe, ndiyo yanayofaa kufikiriwa pale fundi wa Kisauni au Magongo anapoulizwa kama chini kuna chuma kitakachong'aa. Ukweli usemwe: rangi ya gereji, iliyokaa juu ya praima, haitoki kwa karatasi nzima kama mpako wa plastiki. Sehemu nyingine hutoka kwa dawa, nyingine hukwanguliwa. Mwandishi wa makala haya anakubali hilo bila shingo upande. Lakini jina la kazi hufuata shabaha yake, na shabaha ni kuitoa ngozi bila kugusa nyama.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo kamati imelikosea zaidi, ingawa huenda yenyewe inaamini ndiko ilikopatia.

"Kung'arisha" ni neno zuri mahali pake. Kasoro yake ni kwamba linataja matokeo na kunyamazia tendo. Sakafu hung'arishwa kwa nta, viatu kwa dawa, meza kwa vanishi, jiji kwa taa wakati mgeni mkubwa anapokuja. Rudi kwenye trela ya Airstream: kile kiwanda kilichoipulizia plastiki kilikuwa kikiing'arisha, fundi anayeiambua plastiki hiyo na kusugua chuma anaing'arisha pia. Neno moja limebeba tendo na utanguzi wake! Makosa haya yana ndugu zake. Changamwe kulifunguliwa mwaka 1963 kiwanda kilichokuja kuitwa cha "kusafisha mafuta", kana kwamba mafuta ghafi yalishuka bandarini na matope. Kilichofanyika mle ni kuyachemsha na kuyatenga: petroli huku, dizeli kule, mafuta ya taa kwingine. Kiwanda kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na neno letu hafifu limebaki limesimama kama bomba lake.

Neno la kazi ya pili ni kukwatua. Makamusi ya kale yanalo katika umbo la katua, na maana yake haina utata: kusugua chombo cha madini mpaka kitakate na king'ae. Kwatua ni nduguye, na ndiye aliye hai zaidi leo. Shambani, kukwatua ni kuparua nyasi kwa jembe juujuu bila kulima. Nyumbani limepanda cheo: mtu aliyeoga, akavaa, akajipaka wanja na kujifukiza udi, amejikwatua. Hakuna mama wa Mombasa anayehitaji kamusi ili amwambie bintiye, "Mwanangu, umejikwatua hivyo wendapi?"

Tazama njia iliyopitwa: kuparua juujuu, kusugua chombo, kupamba mwili. Katika zote kuna uso wa kitu, kuna mkono unaorudiarudia, na kuna uchafu au ukavu unaoondoka ili uzuri utokeze. Mwisho wa neno, -ua, ni ule ule wa ambua, bandua, fumbua na zibua, kiambishi cha kutengua. Wako waliojaribu kulirudisha nyuma ili wapate mzizi mtupu, wakaangukia "kwata", ambalo ni gwaride la askari. Wengine wameliunganisha na kutu kwa sababu tu sauti zinashabihiana. Mwandishi huyu hayumo katika kundi lolote kati ya hayo na angeomba asihesabiwe humo.

Na hapa ndipo anapotakiwa kuwajibu wapinzani wawili.

Wa kwanza ni yule anayesema kukwatua ni neno la wanawake na vioo vyao, halina uzito wa karakana. Hoja hii ilitolewa mbele ya watu, kwa sauti, na mtu ambaye siku hiyo mwenyewe alikuwa amejikwatua vizuri sana. Jibu ni kwamba msasa nao haukuzaliwa karakanani. Msasa ni mti. Majani yake ni makavu na yanakwaruza, na mafundi wa pwani walilainishia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi yenye chembe kufika madukani. Karatasi ilipokuja ikarithi jina la mti, bila kikao. Leo fundi wa Changamwe huomba msasa wa namba 800, kisha 1500, kisha 2000, na hakuna anayemwambia arudi msituni.

Wa pili ni mpenzi wa Kiarabu, anayependekeza "kusakili", kutoka saqala. Kiarabu kimetulea na hatukikani. Lakini mtu huazima kikombe jirani akiwa hana chake, au akiwa na wageni wengi. Hapa chetu kimo kabatini, tena kimekwatuliwa.

Ukitaka kuona jinsi maneno ya pwani yanavyosafiri yenyewe, tazama jikoni. Sufuria limetokana na Kiarabu sufr, yaani shaba. Chombo kilibadilisha chuma kikawa alumini, jina likakaa palepale, na kila siku maelfu ya nyumba hupika wali katika "shaba" isiyo na chembe ya shaba. Alumini nayo ina nasaba isiyotajwa na kamati. Humphry Davy aliipa jina la alumium mwaka 1808, akaligeuza kuwa aluminum mwaka 1812, na Waingereza wakaongeza irabu yao. Wamarekani mpaka leo hawajaikubali. Asili ya yote ni Kilatini alumen, nalo alumen ni kitu ambacho kila kinyozi wa Kongowea anakijua: shabu, lile jiwe jeupe la kukomesha damu baada ya kunyoa. Kwa hiyo alumini, kwa nasaba, ni chuma cha shabu. Mwandishi huyu hapendekezi jina hilo. Anasema tu kwamba lilikuwepo, na hakuna aliyeuliza.

Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyeishi na kufanya kazi Mombasa hadi kifo chake mwaka 2017, alifuata njia ya kuchimba kwanza nyumbani. Utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, ulihifadhi istilahi za kuunda jahazi ambazo zingezikwa pamoja na waundaji. Katika maneno aliyoyabuni, runinga lilishika katika vyombo vya habari vya Kenya. Ngamizi halikuizuia kompyuta. Hakuna aibu katika hilo: mtu hutupa wavu, bahari huamua. Tofauti ni kwamba Nabhany alikuwa na wavu.

Watetezi wa "ung'arishaji" husahau pia kile kinachotokea mkononi. Fundi akisugua bodi kwa dawa ya polishi, kitambaa hugeuka cheusi tititi, na mteja asiyejua hushtuka akidhani gari linachafuliwa. Weusi ule ni alumini yenyewe iliyosagwa ikawa unga, pamoja na oksidi yake. Oksidi hiyo ndiyo kutu ya alumini. Ni nyembamba hata haionekani, ni ngumu kuliko chuma kilicho chini yake, na hurudi mara hewa inapokigusa chuma kipya. Msasa mwingi hutengenezwa kwa chembe za oksidi hiyohiyo, kwa hiyo alumini hukwatuliwa kwa kutu ya ukoo wake. Kila mzunguko wa kitambaa hula kidogo. Mabati ya Airstream za zamani yalikuwa ya aina moja na ya ndege: aloi ngumu katikati, na kila upande ngozi ya alumini safi yenye unene wa kama asilimia 5 tu ya bati zima. Katika bati la milimita 0.8, hiyo ni milimita 0.04, wembamba wa kushindwa na unywele. Fundi akizidisha, huipita ngozi ile, akakuta aloi isiyotaka kung'aa vile wala kustahimili chumvi vile. Hatari hiyo haimo ndani ya neno "ung'arishaji", linaloahidi mwanga bila gharama. Imo ndani ya kukwatua, kwa sababu aliyewahi kukwatua sufuria la bibi yake kwa mchanga anajua kwamba siku moja lilitoboka.

Kwa upande wa unyambuaji hakuna shida yoyote. Chambua limezaa uchambuzi na mchambuzi. Kwatua lizae ukwatuzi na mkwatuzi, na ambua lizae uambuzi. Mashine ya kuzungusha kitambaa iitwe kikwatuzi. "Uambuzi na ukwatuzi wa alumini": maneno matano vilevile, kamati isije ikasema imeongezewa gharama ya wino.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: soda ya moto (kostiki) isiguse alumini, kwani huila na kutoa gesi inayoshika moto, na anayeitumia huambulia patupu, magadi nayo huitia weusi, stilwaya huacha vipande vya chuma vitakavyoshika kutu, na karibu na bahari, bodi iliyokwatuliwa ioshwe kwa maji baridi mara kwa mara, maana chumvi huitoboa vishimo. Tangi la lori la mafuta Changamwe na rimu ya matatu hufuata utaratibu uo huo.

Mapendekezo haya yalipelekwa kwa kamati yakiwa yamepigwa chapa, nakala tatu, pamoja na kipande cha bati kilichokwatuliwa nusu ili wajumbe waone tofauti kwa macho. Bati halijarudishwa, na rasimu bado inasema uvuaji.