Kutoka kwa Mdhamini hadi kwa Dalali: Uuzaji wa Ardhi katika Nyanza Kusini

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, biashara ya kuuza na kununua makao haina umri mrefu, kwa kuwa kinachouzwa huko ni ardhi zaidi kuliko nyumba, na boma la familia, linaloitwa dala kwa Kijaluo, halikuwa kitu cha kupelekwa sokoni. Mwanamume aliyefikia umri wa kujitegemea alitoka katika boma la baba yake na kuanzisha lake kwa taratibu maalumu, ambamo baba, mke na mtoto wa kiume wa kwanza walikuwa na nafasi zao, na jogoo alikuwa miongoni mwa vitu vilivyobebwa kwenda mahali papya. Tofauti kati ya nyumba, ambayo mtu anaweza kuwa nayo popote, na boma, ambalo humfunga kwa wazazi na makaburi yao, ndiyo iliyobishaniwa katika mahakama za Nairobi mwaka 1987, wakati wa kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, ambaye hatimaye alizikwa Nyalgunga, Siaya, wala si katika shamba lake la karibu na Nairobi.

Kabla ya kuwapo kwa hati, mgeni aliyehitaji pa kuishi hakutafuta muuzaji, bali alitafuta mtu wa kumjulisha. Aliyepokelewa katika ardhi ya ukoo usio wake aliitwa jadak (wingi jodak), yaani mkaaji aliyeruhusiwa kujenga na kulima bila kuwa mmiliki, na wenyeji wake waliitwa weg lowo, wenye ardhi. Mara nyingi aliingia kwa mlango wa mjomba, shemeji au mkwe, ambaye alimfikisha mbele ya wazee wa gweng', yaani eneo la ukoo, akawaeleza huyu ni nani, anatoka wapi na amehama kwa sababu gani. Mjulishaji huyo alifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: alimwonyesha mgeni ardhi na pia alimdhamini, kwa maana kwamba mgeni akileta ugomvi, lawama zilimrudia yeye aliyemleta. Hakulipwa fedha, alichopata ni mtu wa upande wake, wa kumwunga mkono shambani, msibani na katika mizozo ya mipaka. Wengi waliovuka kutoka kaskazini mwa Ghuba ya Winam kutafuta ardhi upande wa kusini walipata pa kukaa kwa njia hiyo.

Usajili wa ardhi ulizitenganisha kazi hizo mbili. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilimfanya mtu aliyeandikwa kwenye daftari kuwa mmiliki kamili, na Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya 1968 ikaweka utaratibu wa kufikia daftari hilo: kamati ya wakazi wasiopungua 10 ilisikiliza madai, mipaka ikapimwa, na asiyeridhika akapewa siku 60 za kuwasilisha pingamizi. Kwa jadak ambaye aliyemjulisha alikwisha kufa, siku 60 zilikuwa chache mno. Ugumu zaidi ulikuwa kwamba, chini ya sheria ya 1963, mahakama haikuruhusiwa kuusahihisha usajili wa kwanza hata ulipopatikana kwa udanganyifu, ingawa haki za anayeishi katika ardhi zililindwa kwa kiasi fulani. Tangu hapo ardhi iliweza kuuzwa kwa mtu asiyejulikana na yeyote kijijini, ilimradi karatasi zake ziwe sawa.

Kuuza, hata hivyo, kulibaki na aibu yake. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Parker Shipton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wajaluo wa eneo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980, alieleza katika kitabu chake cha 1989 imani juu ya pesa makech, fedha chungu, yaani zile zilizopatikana kwa kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku, bangi au hata jogoo wa boma, ambazo hazikufaa kununulia ng'ombe wa mahari kwa kuwa zilidhaniwa kuiletea familia maafa. Inaelekea kwamba hapo ndipo dalali, au broka kama anavyoitwa mitaani, alipopata nafasi yake ya kwanza: muuzaji aliyetaka fedha bila kujitangaza mbele ya ndugu zake alihitaji mtu wa kumtafutia mnunuzi kimyakimya. Maelezo hayo yanafaa zaidi kuliko yale ya kawaida, kwamba dalali huzaliwa na soko kubwa, maana katika vijiji hivi soko lilikuwa dogo sana.

Soko lilikuja baadaye. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilianza kazi mwaka 1979, barabara ya Kisumu hadi Isebania ikaikuza miji ya Rongo na Migori, na kuanzia 2013 serikali za kaunti zikaleta wafanyakazi waliohitaji nyumba za kupanga na viwanja vya kujenga. Mashamba ya kando ya miji yakakatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, ambavyo madalali huviita sehemu ya nane ya ekari, ingawa kipimo hicho ni futi za mraba 5,000 na sehemu ya nane ya ekari ni 5,445. Kwa kuwa mwenye kiwanja huwaambia madalali kadhaa na hafungwi na yeyote kati yao, mnunuzi anaweza kusikia kiwanja kimoja kikitajwa kwa bei tatu, kila dalali akiwa ameongeza chake juu ya bei ya mwenyewe, na wale waliopokezana habari wakagawana kamisheni. Mpangilio huu humsaidia muuzaji kupata mnunuzi upesi, lakini humwacha mnunuzi bila mtu wa kumwuliza kama, pale mwenye ardhi alipokufa, mjane wake ameshirikishwa.

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuhamishiwa serikalini. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 ilitaka mauzo ya ardhi ya kilimo yaidhinishwe na bodi iliyoongozwa na ofisa wa utawala, la sivyo yalikuwa batili, na kwa desturi bodi huuliza kama mke na watoto wanakubali. Sheria za ardhi za 2012 zikaifanya idhini ya mwenzi wa ndoa kuwa sharti. Sheria ya Mawakala wa Majumba ya 1984, iliyomtaka kila anayefanya kazi hiyo asajiliwe, haikufika mbali katika vituo vya soko vya Nyanza Kusini, ambako dalali ni kinyozi, mwendesha bodaboda au mwalimu mstaafu. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Macharia Mwangi Maina, iliamua kwamba kukosa idhini ya bodi hakumnyimi mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa ardhi ulinzi wa mahakama, na uamuzi wa 2018 katika kesi ya Willy Kimutai Kitilit ukafuata mwelekeo huo. Pale ambapo mauzo yanavunjika, sheria ya 1967 inamruhusu mnunuzi kudai fedha zake kama deni kutoka kwa yule aliyezipokea, na kwa hiyo muuzaji hudaiwa bei, ilhali kamisheni, ambayo aghalabu hulipwa taslimu bila stakabadhi, ni vigumu kuithibitisha na mara nyingi haidaiwi kabisa.