Allidina Visram: Pembe, Maduka na Shule Iliyobaki Mombasa

Mwezi Juni 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto Afrika Mashariki, mfanyabiashara mmoja aliyekwisha kula chumvi nyingi alirejea kutoka safari ya biashara Kongo akiwa na homa kali. Homa hiyo haikumwachia. Tarehe 30 ya mwezi huo Allidina Visram alifariki dunia, na habari ya kifo chake ikatikisa masoko kuanzia Mombasa mpaka Kampala, maana wengi wa wenye maduka wa njia hiyo walikuwa wadeni wake, mawakala wake au watu aliowalea.

Wakenya na Waganda wanalijua jina lake. Kwetu Ituri, mashariki ya Kongo, halitajwi sana, na hilo ni pengo katika historia yetu. Barabara ya biashara aliyoifungua kwa maduka na mikopo ndiyo hiyo hiyo inayoleta sabuni, mabati, chumvi na vitenge Bunia hadi leo: bandari ya Mombasa, kisha Uganda, kisha Mahagi au ng'ambo ya Ziwa Albert. Tena tunapozungumza siku hizi juu ya matajiri na vijana, yaani nani awasaidie na kwa njia gani, inafaa tutazame maisha ya tajiri ambaye tunaujua mwanzo wake, mwisho wake, na kilichosimama baada yake.

Alizaliwa Kera, kijiji cha Kutch, magharibi ya India, katikati ya karne ya 19, katika jamii ya Khoja Ismailia. Alivuka bahari kwa jahazi akiwa bado kijana mdogo, bila mali, akaingia kazini Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo. Huyu Sewa Haji ndiye aliyekuwa mkubwa wa misafara ya pwani. Mmisionari, mvumbuzi au afisa aliyetaka kwenda bara alipita kwake kwanza, naye akampatia wapagazi, nguo, ushanga, baruti na chakula cha njiani.

Kazi hiyo ilihitaji akili ya hesabu na uvumilivu wa ajabu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Ndani yake mlifungwa majora ya merikani na kaniki, au masango ya shaba, au ushanga. Ushanga ulikuwa na fasheni zake: rangi iliyopendwa Unyanyembe, upande wa Tabora, mwaka huu ingeweza kukataliwa Ujiji mwaka ujao, na tajiri aliyekosea rangi aliona msafara mzima ukirudi na mizigo yake. Wanyamwezi waliobeba walitembea miezi mitatu hivi kufika Tabora, na zaidi ya hapo kwa waliokwenda maziwani. Walirudi na pembe za ndovu mabegani. Baadhi yao hawakurudi. Mwenye mali alikaa pwani akisubiri mwaka mzima au zaidi kabla hajajua kama amepata au amekula hasara. Allidina alijifunza hayo yote kwanza kama karani, kisha akaanza kupeleka misafara yake mwenyewe, akaweka matawi Dar es Salaam, Sadani, Tabora na Ujiji.

Kwa bosi wake alijifunza jambo jingine pia, nalo ndilo linalotuhusu zaidi. Mwaka 1892 Sewa Haji aliikabidhi serikali ya Wajerumani jengo la Bagamoyo liwe shule, akaweka sharti kwamba lipokee watoto bila kubagua rangi wala dini. Tulipime sharti hilo kwa wakati wake. Ulikuwa mwaka wa bunduki na bendera, watawala walikuwa wakitenga watu kwa ngozi zao, na mfanyabiashara anadai mtoto wa Mswahili, wa Mhindi na wa Mwarabu wakae darasa moja. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, na jina lake bado linaitwa kila siku Muhimbili katika jengo la wodi la Sewa Haji. Alikufa mwaka 1897, hajafika hata miaka 50.

Biashara ya misafara ikabaki mikononi mwa Allidina, lakini wakati wa misafara ulikuwa unakwisha. Mwaka 1896 Waingereza walikuwa wameanza kutandika reli kutoka Mombasa, nayo ikafika Kisumu mwaka 1901. Wafanyabiashara wengi wa Bagamoyo waliitazama reli kama msiba. Allidina aliifuata. Kila kambi ya wajenzi iliposimama, duka lake lilisimama. Alipofika Kampala, kabla reli yenyewe haijafika Kisumu, Waganda walikuwa bado wanalipana kwa kauri. Maduka yake yalikuwa miongoni mwa yale yaliyoizoeza rupia kwa watu wa kawaida: mkulima alileta ngozi, ufuta, nta au pilipili, akapewa sarafu, na kwa sarafu ile ile akanunua nguo na chumvi kwenye kaunta hiyo hiyo. Pale ambapo benki zilikuwa hazijafika, serikali na wamisionari walipitisha fedha zao kwake. Baadaye aliingia kwenye pamba, mashamba, viwanda vya mafuta na vyombo vya usafiri vya Ziwa Victoria. Watu wakambandika jina la mfalme wa Uganda asiye na taji.

Na pembe? Sehemu ya pembe alizofanyia biashara ilitoka Kongo. Hapa mwandishi wa Ituri hawezi kupita haraka. Misitu yetu ilikuwa imeshakamuliwa tangu miaka ya 1880 na watu wa pwani na Wamanyema waliojenga vituo Mawambi, Avakubi na Ipoto, na ni wao walioileta lugha hii ninayoiandika. Walileta pia bunduki na utumwa. Kisha likaja dola la Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kutaka pembe zote ziwe zake. Mwishoni mwa 1894 Charles Stokes, Mwairishi aliyeanza kama kiongozi wa misafara ya wamisionari na kugeuka mfanyabiashara, alikamatwa katika msitu wa Ituri. Januari 1895 Kapteni Lothaire akamnyonga kwa madai ya kuwauzia bunduki maadui wa dola hilo, na Ulaya nzima ikapiga kelele. Vifo vya watu wa vijiji waliolazimishwa kuleta pembe havikupigiwa kelele kama hiyo. Utajiri wa biashara ya bara, wa kila aliyeifanya, ulikuwa na damu hii ndani yake, na heshima tunayompa Allidina isitufanye tulinyamazie hilo.

Kisha ikaja dhahabu. Mwaka 1903 iligunduliwa Kilo, hapa hapa Ituri, na baada ya miaka michache machimbo yakahitaji kila kitu: mashine, mabati, nguo, mchele, chumvi. Mto Kongo ulikuwa mbali. Njia nyepesi ilikuwa ile ya mashariki. Mzigo uliteremshwa Mombasa, ukapanda treni mpaka Kisumu, meli mpaka Jinja, na tangu 1912 reli fupi ya Busoga mpaka Namasagali, meli tena katika Ziwa Kyoga, barabara mpaka Butiaba, halafu meli ya Ziwa Albert mpaka Kasenyi au Mahagi. Hesabu mara ngapi mzigo mmoja ulipakiwa na kupakuliwa! Kila kituo kilihitaji mtu wa ghala, mtu wa mkopo, mtu wa barua, na watu wa namna hiyo Allidina alikuwa nao katika mji baada ya mji. Bunia yenyewe ilikua baadaye kwa sababu ya mtiririko huu, ikiwa imekaa kati ya bandari ya Kasenyi na machimbo ya dhahabu.

Watu hao aliwapata wapi? Aliwalea. Vijana walifika kutoka Kutch wakiwa bado wadogo, kama yeye alivyofika. Kijana alilala dukani, akafagia alfajiri, akapima chumvi, akajifunza lugha ya wateja na daftari la hesabu. Alipoaminika, alipewa bidhaa kwa mkopo akafungue duka lake mahali ambapo hapakuwa na duka. Akifanikiwa alilipa taratibu na kuendelea kuchukua mali kwa Allidina. Baadhi ya matajiri wa Kihindi wa Uganda walianzia hapo. Kwa mtazamo wangu huu ulikuwa msaada mkubwa kwa vijana kuliko sadaka, kwa sababu ulimpa kijana kazi, mtaji na jina la kuaminika sokoni kwa pamoja. Upungufu wake uko wazi pia. Mlango ule ulikuwa wa jamaa na watu wa jamii yake. Kijana Mganda, Mluo au Mkongo alibeba mzigo, alipiga kasia au alilima pamba, lakini daftari la mkopo halikufunguliwa kwa jina lake.

Alipokufa, mali iliangukia kwa mwanawe Abdulrasul. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Abdulrasul alitoa fedha ijengwe shule kisiwani Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake, na ndiyo Allidina Visram High School. Naye akafa mapema katika miaka hiyo hiyo. Kampuni haikuhimili. Bei za mazao zilikuwa zimeyumba baada ya vita, madeni yalikuwa yametapakaa katika maduka ya mbali, na mtu aliyekuwa na ramani ya madeni hayo kichwani hakuwepo tena. Himaya iliyojengwa kwa miaka 40 iliporomoka ndani ya muongo mmoja. Matawi ya Tabora na Ujiji, viwanda, vyombo vya ziwani, yote yaligawanywa au yakauzwa. Shule ikabaki, na bado inasomesha.

Hata hivyo shule hiyo haikuzaliwa na sharti la Sewa Haji. Kenya ya kikoloni iliwagawa watoto: shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Allidina Visram iliwekwa fungu la Wahindi, na ilibidi enzi ya uhuru ifike ndipo milango ifunguke kwa wote. Nikimlinganisha Sewa Haji na Allidina, naona mwalimu alimzidi mwanafunzi katika jambo hili moja. Allidina alikuwa tajiri mkubwa zaidi, lakini Sewa Haji aliona mbali zaidi.

Upande wetu wa ziwa elimu ilikuja kwa mikono mingine. Wamisionari wa Africa Inland Mission walivuka na kuanza Kasengu, karibu na Mahagi, mwaka 1912, kwa njia ile ile ya Mombasa na maziwa. Wakatoliki nao wakajenga shule zao. Kutokana na kazi hizo Ituri ilipata walimu, wauguzi na makarani wake wa kwanza, na baadaye chuo cha Waprotestanti ambacho leo ni Université Shalom de Bunia. Wenye dhahabu walichimba. Faida ilikwenda Brussels, na fedha za pembe na maduka zilijenga pwani. Ituri ilitoa mali kwa pande zote mbili.

Leo Bunia ni makao makuu ya jimbo tangu 2015, na wafanyabiashara wake wengi si wageni kutoka ng'ambo. Ni wana wa mji na wa majimbo jirani. Wanaleta mafuta na saruji kutoka Kampala, wananunua dhahabu, mbao, kahawa na kakao, na wanajuana na wenye maghala wa Dubai na Guangzhou. Walipita katika vita vya 1999 hadi 2003, wakaona maduka yakivunjwa, wakaanza upya. Hao wanajua kuliko mtu yeyote kijana asiye na shule anachukuliwa na nani. Elimu ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari bado ni mzigo kwa mzazi, na kwa mtoto wa kambi ya wakimbizi wa ndani ni ndoto. Mafunzo ya ufundi ni adimu zaidi.

Basi ombi langu kwa wafanyabiashara wa Bunia, hasa walio katika FEC, shirikisho la wafanyabiashara la Kongo, ni hili. Msisubiri mtoto wa mmoja wenu ajenge kwa kumbukumbu baada ya mazishi. Changeni sasa, mkiwa hai na hesabu zenu zikiwa mikononi mwenu, mjenge shule moja ya sekondari na ufundi, na muiwekee bodi na mfuko usiotegemea kampuni ya mtu mmoja. Wanaomaliza vizuri wapewe vifaa kwa mkopo waanze kazi, kama vijana wa Allidina walivyopewa. Na katika hati ya msingi, kabla ya jina la mfadhili yeyote, liandikwe sharti la Bagamoyo la 1892: mtoto wa Mhema, wa Mlendu, wa Mbira, wa Mualuri, wa Munande na wa Mbuti wakae darasa moja.