Ile "asilimia 5" ya watu wenye ulemavu: ilitoka wapi, na chuo kinaingia wapi?

1/ Kila mjadala wa siasa lazima mtu aseme: "Sheria inawapa asilimia 5 ya kazi." Makofi. Lakini asilimia 5 ya nini? Tuanzie Bukura, Kakamega. Uzi 🧵

2/ Chuo cha Kilimo Bukura kina mizizi ya miaka ya 1920, enzi ambapo Waafrika walifunzwa ili wakawaelekeze wakulima vijijini. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea shamba hadi shamba. Picha ya "mtu wa kilimo" ikawa mtu wa miguu mizima. Hadi leo haijafutika.

3/ Mtoto mwenye ulemavu aliachiwa familia na kanisa. Shule ya Vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu, 1946. Baada ya uhuru serikali ikaleta vituo vya ufundi: cherehani, ngozi, useremala. Vilisaidia, ila vilikuwa na dari. Fundi sawa, afisa hapana.

4/ 2003, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 18: chuo kisimnyime mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu tu, kama anaweza kuimudu kozi. Kizingatie pia mahitaji yake kwenye alama za kuingilia na mitihani.

5/ Sasa soma kifungu cha 13. Asilimia 5 ilikuwa ya kazi za kibarua, dharura na mkataba. Na hata hapo, Baraza "lingejitahidi" tu. Yaani unahitimu na diploma, unatengewa kibarua!

6/ Katiba ya 2010, Ibara ya 54: asilimia 5 kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, hatua kwa hatua. Hiyo ni nyingine kabisa, watu huzichanganya. Sheria ya 2025 ndiyo imemgeukia mwajiri: mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu atenge angalau asilimia 5.

7/ "Lakini hatuwapati waliosoma." Basi jibu liko chuoni. Kilimo cha leo si miguu tu: udongo hupimwa maabara, hesabu za ushirika hufanywa mezani, mkulima hushauriwa kwa simu.

8/ Kwa hivyo akija kuomba kura, muulize: asilimia 5 ya kudumu ama ya kibarua? Na vyuo vyetu, mtu wa kiti cha magurudumu anafika maabara, ama anaishia getini?